Barua ya wazi kwa wasimamizi wa dawa: mkasi wa dirishani na kichwa changu

Mbagala, Dar es Salaam

Kwa Waheshimiwa mliopewa dhamana ya dawa na maduka ya dawa nchini,

YAH: DAWA ZA KICHWA KUUZWA BILA JINA, BILA SWALI NA BILA ONYO

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu. Sentensi hiyo tulifundishwa shuleni kwamba ndiyo inayofungua barua ya kiofisi, nami leo naiandika nikiimaanisha, maana kichwa chenyewe ndicho kinachouma.

Mimi ni fundi cherehani, mama wa watoto wawili, umri wangu miaka 41. Kipanda uso kilinianza nikiwa na miaka 19. Barua hii si hatua yangu ya kwanza. Mwaka jana nilitumbukiza karatasi kwenye sanduku la maoni la ofisi moja ambayo sitaitaja. Nikapiga simu ya bure, nikaambiwa suala langu limepokelewa na linafanyiwa kazi. Nikaandika barua ya kurasa mbili, nikapanda daladala kuipeleka kwa mkono, nakala yangu ikagongwa muhuri. Muhuri huo ndio jibu pekee nililopata mpaka leo. Heshima yangu kwenu iko palepale, ila subira imeniishia.

Niwasimulie kwanza dawa ya kichwa inavyonunuliwa huku kwetu, kwa kuwa huenda wengine wenu mna siku nyingi hamjasimama dirishani wenyewe.

Unafika, unasalimia kupitia nondo, unasema: "Naomba dawa ya kichwa ya mia tano." Ugonjwa umetajwa, bei imetajwa, dawa haijatajwa, na hakuna anayeona ajabu. Binti anavuta boksi, anatoa karatasi ya vidonge kumi, anachukua mkasi. Anakata vinne. Jina la dawa na mwezi wa kuisha vimechapwa kwenye kona moja tu ya karatasi ile, na kona hiyo inabaki kwenye boksi. Vinne vyangu vinaingia kwenye kibahasha, juu yake anaandika kwa kalamu 2x3, ananikabidhi: "Mbili kutwa mara tatu, mama." Vidonge vinne hivyo! Kwa hesabu aliyoniandikia, jioni haifiki.

Mkasi ndiyo kazi yangu, kwa hiyo jambo hili naliona kila mara. Jora la kitenge nalo lina maandishi ya kiwanda kwenye ukingo. Mteja akikatiwa mita mbili, huenda maandishi yakabaki kwenye jora, na hapo hapana neno, kwa sababu hakuna mtu anayemeza kitenge.

Hoja zangu ni hizi.

1. Kidonge hakina jina

Mtaani dawa tunazijua kwa rangi. Kuna zile nyeupe kubwa, kuna za pinki, kuna za njano "zinazotuliza chapu". Mama mmoja anayekaanga vitumbua jirani na kibanda changu alikuwa na vidonda vya tumbo, na daktari alishamkataza diklofenaki, akamtajia kwa jina. Akakatazika kweli. Kumbe zile za njano alizokuwa anakatiwa kila jioni kwa ajili ya kichwa ndizo hizohizo diklofenaki. Siku alipotapika damu, ndani ya pochi yake tulikuta vibahasha sita, vyote vimeandikwa 1x2, hakuna hata kimoja chenye jina. Daktari wa zamu akauliza, "Anatumia dawa gani?" Mimi ndiye niliyemsindikiza, nikajibu, "Za njano." Sijawahi kujiona mjinga kama usiku ule. Mama alipona, na biashara ya vitumbua inaendelea, lakini alikaa wodini siku nane.

Nije kwa parasetamoli, ambayo wote tunaiita panadoli hata ikiwa imetengenezwa na kiwanda kingine. Mtu mzima hatakiwi kuzidisha gramu 4 kwa saa 24, yaani vidonge 8 vya miligramu 500. Mpaka huo tungeweza kuulinda wenyewe kama tungejua tunahesabu nini. Juma moja la masika nilipata mafua na kichwa kwa pamoja. Asubuhi nilimeza panadoli za kwa Mangi. Mchana nilikatiwa kidonge cha mseto, ambacho baadaye nilikuja kujua kina diklofenaki na parasetamoli ndani yake. Usiku nikanywa dawa ya mafua, nayo ina parasetamoli. Mimi nilidhani nimetumia dawa tatu. Ini langu lilijua ni moja. Na ini likiumizwa na parasetamoli halipigi kelele siku hiyohiyo: mtu anaweza kushinda akijiona mzima huku madhara yanaendelea kimyakimya.

2. Hakuna anayehesabu siku

Hii ndiyo iliyonikalisha chini niandike, hivyo mnivumilie nikirefusha.

Kipanda uso changu kinatanguliwa na macho. Katikati ya kitambaa ninachoshona panatokea doa, halafu doa linaota meno: zigizaga inayometameta, kama mshono wa ovaloki uliowashwa taa. Hukaa dakika ishirini hivi. Ikishaondoka, upande wa kushoto wa uso unaanza kudunda, kichefuchefu kinapanda, mwanga wa mlangoni haukabiliki, na cherehani ya mwenzangu inageuka mashine ya kusaga. Wataalamu wanasema shambulio moja lisipotibiwa huchukua saa 4 hadi 72. Langu lilikuwa la siku moja na nusu, na miaka hiyo lilikuja mara mbili au tatu kwa mwezi. Nililizoea kama mtu anavyomzoea mpangaji mkorofi.

Kisha ukaja msimu wa harusi ambao nilikuwa na sare za kamati tatu kwa mpigo. Sikuwa na nafasi ya kuumwa, nikaanza kumeza ya kujihami: nikihisi shingo nzito tu, mbili. Sare ziliisha, kumeza hakukuisha. Kichwa kikawa cha kila siku. Hakikuwa tena kile cha zigizaga. Kilikuwa kizito, cha kubana, kinachoamka kabla yangu. Kila alfajiri nilimeza ili niweze kuchemsha chai ya watoto.

Binti wa dirishani alinizoea hata akanipachika jina: Mama Kichwa. Nikijitokeza tu, kabla sijasalimia, ameshashika mkasi. Simlaumu, na yeyote atakayesoma barua hii asimsumbue. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba mteja wa dawa ya kichwa wa kila siku ni mgonjwa anayepaswa kuelekezwa kwa daktari. Yeye aliniona mteja mzuri, na kwa hesabu za duka nilikuwa mzuri kweli.

Baada ya kuzunguka sana nilifika kwa daktari wa mishipa ya fahamu, akaniuliza swali ambalo kwa miaka zaidi ya ishirini hakuna aliyewahi kuniuliza: "Kwa mwezi, unameza siku ngapi?" Siku, hakusema vidonge. Sikujua. Akaniambia niweke alama. Daftari la vipimo ndilo linaloshinda mkononi mwangu, basi nikawa natia msalaba pembeni ya vipimo vya wateja: kifua 38, kiuno 32, msalaba. Mwezi ulipoisha nilihesabu misalaba 26.

Ndipo nilipoelezwa kwamba uko ugonjwa unaotambuliwa rasmi na mabingwa wa maumivu ya kichwa duniani, wa kichwa kinacholetwa na dawa za kichwa. Mtu anayeumwa kichwa siku 15 au zaidi kwa mwezi, na amekuwa akimeza dawa za kawaida kama parasetamoli, aspirini au ibuprofeni siku 15 au zaidi kila mwezi kwa zaidi ya miezi mitatu, huyo yumo. Kwa vidonge vya mchanganyiko, vile vinavyotiwa kafeini au kodeini, mpaka ni siku 10 tu. Wenye kipanda uso ndio tunaonaswa upesi. Dawa inaisha mwilini, kichwa kinarudi, unameza, kinatulia, kinarudi. Nilikuwa nazima moto kwa mafuta ya taa.

Kuacha kulikuwa mateso ya siku tisa. Nilifunga kibanda, nikalala chumba cha giza, watoto wakala kwa bibi yao. Siku ya kumi niliamka kichwa kikiwa chepesi, nikaogopa, nikadhani nimepatwa na jambo jingine. Sasa natumia propranololi kila siku kama kinga. Ni dawa ya presha ya siku nyingi, bei yake haiumizi. Shambulio likija, nameza ibuprofeni miligramu 400 mapema nikiwa nimekula, kisha nasubiri. Misalaba yangu ni mitano, mwezi mbaya sita.

Waheshimiwa, habari za siku 15 na siku 10 sijaziona kwenye boksi, kwenye kibahasha, wala ukutani mwa duka lolote la dawa ninakonunua. Ukutani kuna tangazo la kondomu na kalenda ya mwaka juzi.

3. Kichwa kinauzwa kama ugonjwa mmoja

Dar es Salaam tuliugua dengue mwaka 2014, tukaiugua tena 2019. Inaanza na homa na kichwa kinachouma nyuma ya macho. Mgonjwa wa dengue hatakiwi aspirini, ibuprofeni wala diklofenaki, kwa kuwa zinaongeza hatari ya kuvuja damu. Anapewa parasetamoli. Sasa muuzaji asiyeuliza hata kama mteja ana homa, atajuaje amkatie ipi?

Mjamzito wa miezi minane anayeumwa kichwa na kuona ukungu huenda yuko njiani kwenye kifafa cha mimba. Anatakiwa kupimwa presha saa hiyohiyo, na diklofenaki asiguse. Mtoto aliye chini ya miaka 16 hapewi aspirini ya kichwa. Aliyepatwa ghafla na maumivu kama kishindo cha radi, mwenye homa na shingo iliyokakamaa, ambaye mkono mmoja umelegea, aliyeanguka jana na pikipiki: wote hao wanakuja dirisha lilelile na wote wanakatiwa za mia tano. Na anayepata bahati ya kuambiwa aende zahanati, huko nako kichwa ni malaria au UTI mpaka vipimo vikatae. Vikikataa, anarudishwa nyumbani na panadoli.

4. Kipanda uso hakina mwenyewe

Ipo dawa iliyobuniwa kwa ajili ya shambulio la kipanda uso, inaitwa sumatriptani. Iko duniani tangu mwaka 1991. Shirika la Afya Duniani liliiingiza kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2021. Uingereza, tangu 2006, mfamasia anaweza kuiuza bila cheti cha daktari, akishamhoji mteja na kuridhika, maana haimfai mwenye ugonjwa wa moyo wala aliyewahi kupata kiharusi. Mimi nilizunguka famasi saba, kuanzia Kariakoo mpaka Mnazi Mmoja, cheti nikiwa nacho mkononi. Tano hawakuwa nayo. Ya sita waliniuliza ni dawa ya nini. Ya saba walikuwa nayo, na bei ya vidonge viwili ilizidi ninayolipwa kushona gauni zima.

Na liko la wanawake, ambao kipanda uso kinatuandama mara mbili hadi tatu kuliko wanaume. Mwanamke anayeona zigizaga kama zangu hatakiwi kutumia vidonge vya majira vyenye homoni mbili, kwa sababu vinamwongezea hatari ya kiharusi. Mimi nilivimeza miaka sita. Muuzaji wa dawa ya kichwa na muuzaji wa majira alikuwa mtu mmoja, dirisha moja, na mara nyingine kibahasha kimoja.

Majibu ninayoyatarajia

Mtasema wananchi hawana uwezo wa kununua pakiti nzima. Kweli, hata mimi sina, na siombi mkasi upigwe marufuku. Mwezi Septemba 1998 Uingereza walipunguza ukubwa wa pakiti za parasetamoli na aspirini: vidonge 16 kwenye maduka ya kawaida, 32 kwa mfamasia. Vifo vya kuzidisha parasetamoli vikapungua. Kwa hiyo kuuziwa vichache kunaweza hata kuwa kinga. Ninachodai ni vile vichache viwe na jina.

Mtasema karatasi ya maelezo imo ndani ya boksi. Imo, moja, kwa vidonge mia, kwa Kiingereza, herufi kama mayai ya chawa. Na boksi halitoki dukani.

Mtasema wauzaji hawana elimu hiyo. Hapa nawakumbusha kazi yenu wenyewe, tena kazi nzuri. Maduka ya Dawa Muhimu yalianza kwa majaribio mkoani Ruvuma mwaka 2003 kwa lengo hilohilo, kwamba yule wa duka la dawa baridi afundishwe, asajiliwe na akaguliwe. Kama tuliweza kumfundisha muuzaji wa kijijini kuhusu dawa za malaria, tunashindwaje kumfundisha maswali matatu ya kichwa? Kuuliza maswali matatu ni haraka kuliko kutafuta chenji ya elfu kumi.

Na kuna ofisa mmoja aliniambia kwenye simu, kwa upole tu, kwamba tatizo ni sisi wananchi kupenda kujitibu. Mzee wangu, zahanati nikienda natoka saa nane mchana, na siku hiyo sijashona. Dirishani natumia dakika mbili. Nisaidie katika hizo dakika mbili, kwa sababu ndizo ninazoweza kuzilipia.

Ninachoomba

(a) Kila kidonge kinachokatwa kitolewe kwenye kibahasha chenye jina la dawa, nguvu yake kwa miligramu, na mwezi wa mwisho wa matumizi. Kwa Kiswahili, kwa mwandiko unaosomeka. Duka lisilofanya hivyo liulizwe siku ya ukaguzi kama linavyoulizwa leseni.

(b) Kila duka la dawa libandike, mahali mteja anapopaona akiwa nje ya nondo, onyo la Kiswahili kuhusu siku 15 na siku 10.

(c) Kabla ya kukata, muuzaji aulize: kimeanza lini na vipi, una homa au ujauzito, na mwezi huu umemeza siku ngapi. Majibu yakitisha, asiuze. Aandike karatasi ya kumwelekeza mgonjwa kituo cha afya, na kituo kiiheshimu karatasi hiyo.

(d) Mtueleze hadharani mpango wenu kuhusu sumatriptani: nani ataiingiza, itauzwa na nani, na kwa bei gani. Na propranololi ya kinga ipatikane kwenye vituo vya afya vya kata kwa wenye kipanda uso, isiwe ya wenye presha peke yao.

Naomba jibu la maandishi ndani ya siku 30. Muhuri wa kupokelewa ninao tayari, msijisumbue kunigongea mwingine.

Naambatanisha vitu viwili. Cha kwanza ni kivuli cha ukurasa wa daftari langu wenye misalaba 26, nimefuta majina ya wateja. Cha pili ni kibahasha. Mafundi hatujui kueleza nguo bila kukata pateni, basi nimekata ya karatasi ya kaki na kuandika mistari minne: Jina la dawa. Nguvu. Mwisho wa matumizi. Siku ulizomeza mwezi huu. Mstari wa nne una vijumba kumi vya kutia alama. Nilimpelekea mchapaji wa hapa sokoni aniambie gharama. Akasema vikichapwa vingi, kimoja hakifiki hata shilingi ishirini.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Fundi cherehani, Mbagala

Nakala: Binti wa dirishani. Nilimpa vibahasha hamsini vya pateni yangu avijaribu, vikaisha kwa siku tatu, akaniomba vingine. Siku hizi nikipita huanza yeye: "Mama Kichwa, mwezi huu misalaba mingapi?"